Maziwa Yanataka Jua

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, Perez Ajwang alitamani kitu kimoja tu, kitu ambacho watu wengine hukipata bila hata kukiomba. Alitamani kivuli.

Alikuwa mwanikaji wa omena huko Port Victoria, na kazi ya omena haina paa. Asubuhi mashua zikifika, wanawake hupokea vile visamaki vyembamba, huvitandaza juu ya nyavu kuukuu, kisha hukaa navyo mpaka vikauke. Huwezi kuondoka. Ndege wapo, mbuzi wapo, na mvua ya ziwa haina adabu ya kubisha hodi. Jua humpiga mwanikaji kutoka juu, halafu humrudia kutoka chini, likiwa limegonga maji na migongo ya samaki. Ajwang alipofumba macho bado aliliona, jekundu, limesimama nyuma ya kope zake kama mgeni asiyetaka kuaga.

Hapo ndipo alipokuwa akiota. Macho yamefumbwa, mkono mmoja unafukuza ndege bila kuangalia, na yeye mwenyewe yumo chumbani. Chumba kina pazia zito. Sakafu ni ya saruji, baridi, na amejilaza juu yake bila mkeka. Hakuna anayemwita. Mwanga unaoingia ni kidogo tu, wa kuonea mikono yako.

"Umeenda tena?" Maximilla alikuwa akimwuliza.

Maximilla alianika kwenye nyavu za jirani. Yeye alikuwa Mnyala, mzaliwa wa pale pale, na Ajwang alikuwa Mjaluo aliyeolewa hapo kutoka upande wa Awasi, nchi ya miwa, ambako ziwa husikika tu kwa habari. Kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake, kwa hiyo urafiki wao waliujenga kwa Kiswahili cha ufuoni, kisichojali sana kanuni, na ulisimama imara hivyo hivyo.

"Nimeenda," Ajwang alijibu. "Leo kulikuwa na baridi kidogo."

"Wewe ukifika mbinguni utauliza kwanza kama kuna pazia."

Kivuli kilikuja uzeeni, na kilikuja kwa njia ya msiba. Mumewe Absalom, fundi wa mashua, alifariki, na baada ya matanga binti yao wa pekee, Lorine, alimkalisha mama yake chini akamwambia kwamba imetosha. Lorine alikuwa anashona sare za shule mjini Kisumu, na alikuwa amepanga nyumba ndogo Nyalenda. "Twende ukapumzike, Mama," alisema. "Umeota jua la watu kumi."

Ajwang alipoingia katika nyumba ile alisimama mlangoni akatabasamu, na Lorine hakuelewa kwa nini. Dirisha lilikuwa moja, nalo lilitazama ukuta wa jirani kwa ukaribu kiasi kwamba ungeweza kupitisha sahani ya chakula ng'ambo bila kunyoosha mkono. Pazia lilikuwa la kijani. Sakafu ilikuwa ya saruji. Mchana, Lorine akiwa kazini, rangi ya pazia ilishuka chumbani pole pole mpaka kila kitu kikawa kama kimewekwa chini ya maji: sufuria, kalenda ya kanisa, kochi, na miguu yake mwenyewe iliyonyooshwa mbele. Sauti za Nyalenda zilimfikia kwa mbali, ndoo zikigongana kwenye foleni ya maji, mtu akimwita mtu, muuza mkaa akipita. Ajwang alikaa chini ya ziwa lake dogo la kijani na kusikiliza watu wa juu wakihangaika. Hakukosa kitu. Mwaka ukapita hivyo, ukaja mwingine.

Kisha miguu ikaanza.

Haikuwa maumivu ya kupiga kelele. Ilikuwa kama mtu ameweka kidole gumba juu ya mfupa wa paja, akakisahau hapo. Halafu nyonga. Halafu mbavu, akijigeuza. Kupanda ngazi mbili za mlangoni kukawa kazi. Akaanza kutembea kwa kuyumba, upande huu na upande huu, na watoto wa jirani wakamwiga wakisema bibi anatembea kama bata, naye akacheka nao maana kweli alijiona hivyo. Kilichomtia hofu ni kusimama. Akikaa kwenye kochi, mapaja hayakumsikia. Aliyatuma nayo yakakaa.

Siku moja alianguka bafuni. Hakuvunjika, lakini hakuweza kuinuka, na akabaki pale sakafuni tangu asubuhi mpaka Lorine aliporudi kutoka kazini. Saruji ile baridi aliyokuwa akiiota zamani ilikuwa chini ya shavu lake mchana kutwa. Lorine alipofungua mlango na kumwona, hakulia. Alimwinua, akamwosha, akamvalisha, akamkalisha kitandani. Kilio kilimjia baadaye, akiwa anachuja chai.

Tangu siku hiyo Ajwang akaanza kutamani kitu cha pili. Alitaka kurudi nyumbani, Port Victoria, kwenye nyumba aliyoachiwa na Absalom, ambako mlango hufunguka ukitazama maji na Maximilla hukaa umbali wa mwito mmoja. Hakutaka, alisema, kuzeekea mahali ambapo mtu akianguka hasikiki.

"Huko ndiko utaanguka vizuri zaidi," Lorine alijibu. "Nani atakuinua?"

"Maximilla."

"Maximilla mwenyewe anahitaji kuinuliwa."

"Lorine, nyathina, mwanangu, nataka kwetu."

Lorine aliweka chini nguo aliyokuwa akiishona pindo. "Basi tusikilizane, Mama. Siku utakayosimama kutoka kwenye kiti bila kushikwa na mtu na bila kushika ukuta, nitakurudisha mimi mwenyewe. Kabla ya hapo usiniambie tena neno Port Victoria."

Ajwang aliitazama miguu yake, kisha akamtazama binti yake. "Umesema."

"Nimesema."

Lorine hakuwa mtu wa kukaa tu akisubiri. Alikuwa amesikia kwa wateja wake kwamba mifupa ya wazee inaisha kwa kukosa kalsiamu, akaamua kuirudisha kwa nguvu. Kila asubuhi kikombe kikubwa cha maziwa. Jioni maziwa mengine. Mboga za osuga na dek zilizolazwa na maziwa usiku kucha kama alivyofundishwa na mama yake huyo huyo. Omena wazima, kichwa na mifupa, waliokaangwa na nyanya. Maziwa ya mala siku za Jumapili. Akanunua na vidonge.

"Hii ni kalsiamu, Mama. Maliza."

"Huyu Kalsiamu ni nani?" Ajwang aliuliza. "Kila siku unanipikia kwa sababu yake, na yeye hajawahi kuja kunisalimia."

"Kunywa."

"Nimekunywa mpaka nikitikisika nasikia mawimbi."

Alikunywa. Alikula. Na kila jioni Lorine alisimama mbele ya kochi, mikono nyuma, akasema, "Jaribu," na Ajwang alijaribu, jasho likimtoka, na mapaja yalikaa kama yalivyokaa jana. Kalsiamu aliingia katika nyumba ile kwa ndoo, lakini hakuna aliyejua alikokwenda.

Mwishowe wakaenda kliniki. Aliyewapokea aliitwa Masinde, mtu wa Bungoma, mpole, aliyekuwa na mazoea ya kuvuta kiti chake mpaka magoti yake yakaribiane na ya mgonjwa. Aliwapeleka kutolewa damu na kupigwa picha, akawaambia warudi, na siku waliyorudi alimtuma Lorine kwenye dirisha la dawa, ambako foleni ilikuwa imepinda mpaka nje. Akabaki na Ajwang.

"Mama, zamani ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Ya ziwa. Kuanika omena."

"Juani?"

"Omena inaanikwa wapi tena, Daktari? Chini ya kitanda?"

Masinde alicheka. "Na siku hizi unakaa wapi?"

"Ndani. Kivulini. Mimi nilimaliza jua langu."

"Unatoka nje saa ngapi?"

"Jumapili. Na mwavuli."

Masinde aliitazama karatasi ya damu, kisha akamshika mkono. Akasema taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto wimbo: "Mama, sikiliza. Mifupa inataka maziwa. Na maziwa yanataka jua. Umenielewa?"

Ajwang alimwangalia kwa muda mrefu. Kitu kilifunguka usoni mwake.

"Nimekuelewa kabisa," alisema.

Njiani wakirudi, ndani ya tuktuk, alikuwa mchangamfu. Walipofika nyumbani, Lorine akiwa bado anafungua kufuli, akasema, "Daktari ameniandikia ziwa."

"Ameandika nini?"

"Ziwa. Amesema mifupa yangu inataka maziwa, na maziwa yanataka jua. Kwa hiyo nipelekwe ziwani, nikae juani."

Lorine aliegemea mlango. "Mama. Maziwa. Maziwa! Yale unayokunywa."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Yale nimekunywa miezi yote hii, na yeye mwenyewe ameona hayajasaidia. Angenirudishia kitu ambacho ninacho? Daktari mzima?" Ajwang alijishikilia fremu ya mlango akavuta pumzi. "Redio ilikuwa inasema kila siku, eneo la Maziwa Makuu, eneo la Maziwa Makuu. Nikamwuliza baba yako, hiyo maziwa makuu inakamuliwa ng'ombe gani? Akaniambia ni ziwa letu hili na ndugu zake. Sasa wewe unataka kunifundisha Kiswahili kuliko redio?"

"Wololo, Mama!"

"Piga simu umwulize."

Lorine alipiga, nusu kwa hasira, nusu kwa kicheko kilichokuwa kinamtekenya. Masinde aliposikia habari ile alicheka mpaka ikabidi aombe radhi. Kisha akatulia.

"Dada, hebu nikueleze vizuri, maana ulikuwa kwenye foleni," alisema. "Umemlisha mama vizuri sana. Samaki wamefika ufuoni, wamejaa tele. Ila hakuna mtu wa kuwabeba kuwapeleka sokoni. Mbebaji ni vitamini D, na hiyo mwili unajitengenezea wenyewe jua likigusa ngozi. Damu ya mama haina karibu chochote. Bila mbebaji, samaki wanabaki pale pale ufuoni, na soko liko tupu."

"Soko ni mifupa?"

"Soko ni mifupa. Sisi watu weusi tunahitaji jua la kutosha, si la kupita tu mlangoni. Dawa niliyompa itamsukuma haraka, asiiache. Na vidonge vya kalsiamu asivimeze pamoja na vile nilivyompa vya kuongeza damu, vinagombana mlangoni. Lakini nataka atoke. Saa nne hivi, mikono wazi, miguu wazi, na atembee anavyoweza. Asikae mpaka aungue."

"Hapa Nyalenda jua linapita juu ya mabati tu, Daktari. Halishuki."

"Basi," Masinde akasema, na ilikuwa wazi bado anatabasamu, "mpeleke ziwani. Sijaona ubaya wa tafsiri yake."

Jua Ajwang alikuwa amelichoka. Ziwa hakuwahi kulichoka. Pengine ndiyo maana masikio yake yaliichagua maana ile. Jua angelivumilia kama mtu anavyomvumilia shemeji msumbufu kwa ajili ya dada anayempenda.

Jirani yao Jacinta alikuwa anakwenda ufuoni Dunga kila asubuhi kununua samaki wa kukaanga. Wakakubaliana. Jacinta angemchukua Ajwang kwa tuktuk, ampe kiti, afanye shughuli zake, amrudishe. Upande mmoja wa ufuo ule, mbali kidogo na mahali watalii wanapopandia mashua, wanawake walikuwa wanaanika omena.

Siku ya kwanza Ajwang alikaa juu ya kiti cha mbao, amejifunika leso mpaka kidevuni.

"Dani," yaani bibi, akamwita Lornah, mwanikaji kijana mwenye sauti kubwa, "umekuja kuota jua ama kujificha?"

"Nangoja tuzoeane."

"Na jua? Hilo halina haya, litakuzoea lenyewe. Fungua miguu!"

"Miguu hii," Ajwang alisema akiivuta leso hadi magotini, "ilikuwa inawafanya wanaume wa Port Victoria watoboe mashua zao wenyewe ili wamwite fundi, wapite kwetu."

Wanawake wakaangua kicheko, na Jacinta akasema, "Haya, hiyo miguu ya hatari iko wapi? Mimi naona kuni tu."

Jua liliigusa miguu ile iliyokuwa imepauka kwa vivuli vya miaka, na Ajwang akafumba macho. Hapo hapo likawa limesimama nyuma ya kope, lile lile, jekundu, kana kwamba lilikuwa likingoja mlangoni siku zote alizokuwa ndani. Alisubiri chuki yake ya zamani. Haikuja. Ilikuja harufu ya omena, na chumvi ya jasho juu ya mdomo, na sauti ya maji yakirambaramba mawe kama ng'ombe anayemsafisha ndama.

Zamani, akiwa juani, aliota kivuli. Sasa aliota kitu kingine. Aliyaona maziwa yote aliyokunywa katika nyumba ya Lorine, vikombe vyote vya asubuhi na jioni, yamekusanyika ndani yake kama ziwa jeupe, lililotulia, lisilo na upepo. Hakuna mashua juu yake. Lilikuwa limekaa gizani, likingoja. Kisha mwanga ukaanza kushuka, polepole, kupitia kwenye mapaja, kupitia kwenye mikono, na pale ulipoligusa, lile ziwa jeupe likatikisika. Wimbi dogo likaondoka katikati, likaenda pembeni. Likafika kwenye mifupa, ambayo ilikuwa kama fukwe kavu, ikalinywa.

"Bibi amelala," mtu akasema.

"Hajalala," Jacinta akajibu. "Anafanya kazi."

Wiki zikafuatana. Kila asubuhi yenye jua alikuwa pale, kabla ya mchana kuwa mkali. Dawa ya Masinde alimeza, maziwa alikunywa bila kelele, na omena alitafuna na vichwa vyao akisema, nendeni mkabebwe. Jacinta alikuwa akimshika kwapa wanatembea mpaka kwenye mawe na kurudi. Baadaye akamshika kiwiko tu. Baadaye akatembea kando yake akiwa amebeba beseni la samaki kwa mikono miwili. Kile kidole gumba kilichosahauliwa juu ya paja kilianza kulegea. Siku nyingine kilirudi, na Ajwang alikata tamaa mpaka jioni. Akaambiwa na Masinde kwamba mfupa haujengwi kama kibanda, aende pole pole.

Lakini kusimama kutoka kitini bado. Kila jioni Lorine alisema, "Jaribu," na mapaja yalitetemeka, yakainuka kidogo kama yanataka kuona kuna nini, yakarudi. Lorine akasema, "Si kitu, Mama," na akaenda jikoni.

Jambo lenyewe lilitokea asubuhi ambayo hakuna aliyekuwa akilifikiria. Mashua zilikuwa zimeleta omena wengi, na Lornah, akiwa na haraka, alikuwa anawamwaga juu ya nyavu kwa beseni na kuwasambaza kwa mguu. Ajwang alikuwa kitini, katikati ya ndoto zake nyeupe. Alifungua jicho moja. Akaona. Akafungua na la pili.

"Lornah. Hiyo ni nini?"

"Omena, Dani."

"Nimeona ni omena. Nauliza, unaianika ama unaifunika blanketi?"

"Nitaigeuza baadaye."

"Utaigeuza ikiwa imeoza chini! Jua litaingia wapi? Ile ya juu inakauka, ya chini inapikika. Nani alikufundisha? Weka nyembamba! Kila mmoja auone uso wa jua!"

"Dani, tulia, utapanda presha."

"Presha ni yako! Lete hiyo beseni hapa!"

Lornah hakuileta. Alikuwa amesimama, mguu mmoja hewani, mdomo wazi. Jacinta, aliyekuwa akichagua samaki aina ya mbuta kwenye mizani, alikuwa amegeuka pia. Ajwang alikuwa katikati ya nyavu, ameinama, anawatawanya omena kwa viganja kwa mwendo ule wa zamani, kama mtu anayefuta maandishi ubaoni. Kiti kilikuwa nyuma yake, mbali kidogo. Hakuna aliyemshika.

"Kwani nini?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Mbona mmenyamaza? Nimekanyaga mtu?"

Jioni Jacinta alisimulia yote mlangoni, akiigiza kila sauti. Lorine alisikiliza akiwa na mkasi mkononi. Kisha akamwangalia mama yake.

"Nionyeshe."

Ajwang alikuwa kwenye kochi. Siku ilikuwa imemchosha, kochi lilikuwa limebonyea chini sana, na sasa alikuwa akifikiria miguu yake, jambo ambalo asubuhi hakulifanya. Alisukuma. Akainuka kidogo. Akarudi. Akasukuma tena, akarudi.

"Si kitu, Mama," Lorine alisema.

Jacinta akaaga kwa aibu, kama aliyekamatwa akisema uongo. Lorine akaingia jikoni, akawasha jiko, na alipokuwa akilitazama lile ua la buluu la moto aligundua kwamba moyo wake ulikuwa umetulia. Alikuwa amefurahi. Kwa kitambo kidogo tu alikuwa amefurahi mama yake kushindwa, kwa sababu nyumba yenye mtu ndani, mtu anayekungoja na maneno yake ya ovyo, si sawa na nyumba unayoifungua mwenyewe kwa ufunguo. Akasimama na jambo hilo mpaka maji yakachemka.

Jumamosi hakwenda kazini. Alipanda tuktuk pamoja nao mpaka Dunga, akaketi juu ya beseni lililopinduliwa, mbele ya kiti cha mama yake. Jua lilikuwa limeshapanda. Ziwa lilikuwa jeupe kwa mwanga, halina mpaka na mbingu, na mashua iliyokuwa mbali ilionekana kama imening'inizwa hewani. Wanawake walijifanya wana kazi.

Ajwang alikuwa amefumba macho.

"Mama," Lorine alisema. "Nimekuja nione."

"Nikisimama, utanirudisha?"

Lorine aliitazama ile miguu iliyoachwa wazi. Ngozi yake ilikuwa imerudia rangi yake, nyeusi, yenye mng'ao wa mafuta na jua. Miezi kadhaa ilikuwa imepita bila yeye kuiona kwa mwanga wa mchana. Aliiosha jioni, akaipaka dawa jioni, akaihukumu jioni.

"Nilisema," alijibu.

"Usiseme kama mtu anayelipishwa."

"Na ukianguka huko, Mama?"

"Nitaangukia mchanga. Ni laini kuliko bafu lako."

Lornah akashindwa kujizuia, akacheka, akafunika mdomo. Lorine naye akacheka, macho yakiwa na maji. "Utameza dawa?"

"Nitameza."

"Na hutarudi kujifungia ndani?"

"Huko hakuna ndani, Lorine. Umesahau? Ukifungua mlango, ziwa limeshaingia."

Kisha hakungoja kuambiwa jaribu. Alirudisha nyayo zake nyuma kidogo chini ya kiti, akauinamisha mwili mbele, mikono imekunjwa kifuani, na mapaja yakatetemeka, yakasita mahali pale pa kila jioni, pale pa kurudi. Lorine alikuwa ameshanyoosha mikono. Mapaja yakapita pale. Ajwang akasimama, leso ikamwangukia miguuni, na akabaki hivyo, akipumua kwa nguvu, akiyumba kama mashua iliyoshushwa majini sasa hivi.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Jacinta aligeuka upande akajipangusa uso kwa aproni yenye magamba ya samaki.

Lorine alitoa simu mfukoni, akatafuta jina la Maximilla. Simu ikaita mara nyingi, kisha ikapokelewa katikati ya upepo.

"Mama Maximilla, ni Lorine. Shikamoo. Anarudi." Akasikiliza swali. "Ndiyo, kwa miguu yake. Lakini sikiliza, kuna masharti. Maziwa asikose. Na akae juani asubuhi, kila siku, usimwache ajifungie."

"Jua?" Sauti ya Maximilla ilisikika mpaka kwa waanikaji. "Mtoto wangu, hapa jua ndilo kitu pekee ambacho hatujawahi kunyimana! Mwambie nyavu zake ninazo. Mwambie zimetoboka lakini ninazo."

"Mama," Lorine alianza kusema, na akageuka.

Ajwang hakuwa pale tena. Alikuwa ameanza kutembea kuelekea majini, pole pole, akiyumba upande huu na upande huu, miguu wazi, akipita kati ya nyavu mbili bila kukanyaga hata omena mmoja. Lorine alimfuata, simu bado sikioni, mkono mmoja ameutanguliza mbele, karibu kabisa na kiuno cha mama yake, bila kumgusa.